Pikipiki Iliyokana Kuwa Sènami ni Mwanangu

Niliapa mbele ya mtaa mzima kwamba Sènami ni mwanangu wa kumzaa.

Kesho yake asubuhi, mbele ya mtaa huohuo, pikipiki ikasema si kweli.

Mpaka leo nikipita kijiweni kuna vijana wanaonisalimia kwa adabu zote, kisha wananiuliza kama baba wa mtoto ameshapatikana.

Msicheke kwanza. Aibu hii niliifuata mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mimi naitwa Dansou. Nakaa Bohicon, nyuma ya reli. Nimepima pamba kiwandani hadi nikastaafu. Kusoma nilijifunzia ukubwani, shule ya jioni, nikifika darasani na nyuzi za pamba bado zimening'inia kwenye nyusi. Watoto wa watu walinicheka. Niliendelea. Kwa hiyo nikisema jambo fulani nimelisoma, ujue nimelitolea jasho.

Ufundi wa pikipiki nao niliupata vitabuni. Sikufungua gereji. Niliwatengenezea majirani bure, mradi tu waseme, "Mwalimu ameshasema."

Neno hilo lilikuwa linanishibisha kuliko akasa, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki.

Sasa Sènami, binti yangu wa pekee, ni mkunga kituo cha afya. Nilimsomesha nikiwa na picha kichwani ya mkwe atakayekuja: shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, anaongea taratibu.

Akaja Fiacre.

Fiacre ni zemi. Ndio hao hao bodaboda mnaowajua, ila wa kwetu wanavaa shati la rangi moja lenye namba mgongoni. Kijana mrefu, mpole, mikono imeota sugu. Pikipiki yake mpya kabisa, ya aina iliyoingia mjini juzijuzi, bado ina nailoni kwenye kiti.

Sikumkataa waziwazi. Msomi hakatai waziwazi. Nilikuwa nikimwita "kijana" tu, nikisahau jina lake kwa makusudi.

Kisha dada yangu Alougba akatoka Dassa na habari.

"Kaka, huyo mkweo nimemwona Dassa kwa macho yangu. Kampakia mwanamke, na mwanamke ana mtoto mgongoni. Mtoto kafanana na Fiacre mpaka pua."

Kwetu shangazi wa binti akisema hivyo, harusi inasimama. Na mwanamume anayeishi kwa chuma akituhumiwa, hapelekwi polisi. Anapelekwa kwa Gu.

Gu ndiye mungu mwenye chuma. Mhunzi, dereva, kinyozi, wote wako chini yake. Pale kwa mzee Kpossou, mhunzi wetu, kuna lundo la minyororo, majembe yaliyokatika na gia za magari yaliyokufa zamani. Hapo ndipo watu wanapoapa. Unagusa chuma kwa ulimi, unasema neno lako. Kisha baba wa binti anamwaga mawese juu ya chombo cha kazi cha anayeapa. Ukiwa mwongo, chombo chako kitakukataa.

Mimi hayo mambo nilikuwa nayacheka. Kanisani naketi benchi la mbele. Lakini nilikwenda, maana baba wa binti lazima amwage mafuta.

Fiacre aligusa chuma kwa ulimi. Akasema, "Sina mwanamke mwingine popote. Kama nasema uongo, pikipiki hii inikatae."

Nikapewa kibuyu.

"Kidogo tu, Dansou," alisema Kpossou. "Kwenye chuma."

Sikuweka kidogo. Nilimwaga kama mtu anayezima moto, kutoka kwenye usukani hadi chini kwenye stendi, kwa dharau, ili kila mtu aone jinsi ninavyoyachukulia mambo yao. Mawese yakachuruzika, mekundu, yakaingia kila tundu.

Ilikuwa mchana, jua kali. Fiacre akawasha, akaondoka bila tatizo. Nikarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya baridi. Nyie mnaoishi pwani hamuijui harmatani: upepo mkavu unashuka kutoka jangwani na vumbi lake, alfajiri watu wanajifunga mashuka hadi masikioni.

Fiacre alifika kijiweni akiikokota pikipiki, maana kwao ni hapo jirani.

Akapiga kiki. Ikawaka vizuri. Akakanyaga gia ya kwanza ili aondoke na abiria.

Ikazimika.

Akawasha tena. Ikanguruma. Gia. Kimya.

Abiria akateremka taratibu, kama mtu aliyekalia kaburi.

Walioniita hawakukosea mlango. Nilikuja na begi langu la spana, miwani puani, nikakuta watu wamejaa. Kpossou mwenyewe alikuwapo. Alougba pia, mikono kiunoni.

Nikafungua plagi. Cheche safi, ya buluu. Nikamwaga petroli kwenye chupa nikaiangalia juani, maana petroli yetu ya chupa za barabarani mara nyingi ina maji. Haina maji. Nikafungua kabureta, nikaipuliza. Nikavuta waya wa klachi. Nikakagua swichi ya kuzimia pale kwenye usukani. Vyote vizima.

Ikiwa kwenye nyutro, bila gia, ililia kama cherehani. Ukitia gia, inakufa.

Nilikuwa nimeinama pale, jasho linanitoka kwenye baridi, na watu wananingoja. Sikujua tatizo ni nini. Neno fupi tu lilihitajika. Ningesema, "Sijui."

Lakini mdomo wangu haukuwa umezoea neno hilo. Tena, acha niwaambie ukweli wote: moyoni kulikuwa na mtu mdogo anacheza ngoma. Harusi imekufa, na mikono yangu ni safi.

Nikasimama, nikafuta miwani, nikasema, "Mashine hii haina tatizo. Nimeikagua yote. Hakuna."

Kpossou akatikisa kichwa. "Mmemsikia msomi. Si maneno yangu mimi wa moto na nyundo."

Fiacre aliniangalia. Macho yake tu yalinishuka taratibu, kutoka usoni hadi kwenye begi la spana, yakaishia hapo.

Mchana jua lilipochoma, pikipiki ikaanza kwenda, ikimisi kidogo kwenye mashimo, inakohoa na kushtuka, halafu inatulia. Kesho yake asubuhi ikagoma tena.

Kijana mmoja wa kijiweni, Tofodji, mdomo wake haujawahi kupata breki, akasema, "Huyu Gu wa Fiacre ni mtumishi wa serikali. Asubuhi mkali, mchana hayupo ofisini."

Watu walicheka, nami nikacheka. Jibu lote lilikuwa ndani ya mzaha huo, na mimi mwenye vitabu nikalipita kama mlevi anavyopita mlango wa kwake.

Basi mambo yakaharibika. Hakuna abiria aliyetaka kupanda chombo kilichokataliwa. Hakuna fundi aliyetaka kukigusa. Wangegusaje, na Mwalimu kasema hakuna kitu? Fiacre akaiegesha pikipiki nyumbani kwa mama yake, akaenda kufyatua matofali.

Mama yake ni mjane, anauza nyanya sokoni; wateja walianza kuruka meza yake. Walikuwa wanazunguka kana kwamba nyanya zake zina macho.

Sènami hakulia. Aliendelea kuniwekea maji ya kuoga, akiniandalia akasa, akinijibu "Ndiyo, Baba," na "Sawa, Baba." Niliona ni binti mwenye busara, amekubali yaliyotokea.

Asubuhi moja nimekaa uani najipasha moto. Mke wangu Ayaba akatoka jikoni na chupa ya mawese, akaiweka juu ya jiwe, palipo na jua.

"Unaianika ya nini?" nikamuuliza.

"Baba Sènami, umekula kwangu miaka yote hii hujui? Baridi hii mawese yanalala. Ona." Akaipindua chupa juu chini. Hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, mazito, rangi ya chungwa, kama siagi. "Mpaka jua liyaamshe ndipo nikaange."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Mchana yanatiririka yenyewe."

Nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. Nikakiweka chini.

Asubuhi yamelala. Mchana yanatiririka.

Kwenye pikipiki nilizojifunzia, stendi ni mguu wa chuma basi. Lakini hizi za siku hizi nilishasoma mahali, nikapita haraka: pale kwenye egemeo la stendi kuna swichi ndogo yenye kipini kinachoingia na kutoka. Stendi ikiwa chini, kipini kinaiambia injini, mwenyewe amesahau kukunja mguu, usimruhusu aende akajiangushe. Kwenye nyutro itawaka. Ukitia gia, inakata moto. Stendi ikipanda, kipini kinatoka, safari njema.

Na kipini kikinata ndani ya mafuta yaliyoganda?

Stendi utaikunja, lakini swichi itabaki inaamini iko chini.

Mafuta ya kiapo. Yaliyomwagwa na nani? Na mimi. Kwa dharau.

Nilikaa pale hadi uji ukawa na ngozi juu. Hata papa wa kanisa angeapa siku ile, na nikamwagia hivyo, asubuhi yake angekuwa mzinzi.

Sasa sikilizeni jinsi kiburi kilivyo na mizizi. Hata kwenye aibu ile, nilitafuta namna ya kutoka mshindi. Nikasema nitakwenda kijiweni, nitaagiza pikipiki iletwe, nitafungua swichi mbele ya watu, nitawaonyesha mafuta. Watasema, Mwalimu kagundua. Ya nani alimwaga, hatutayagusa.

Nikaita watu. Fiacre akaja, vumbi la udongo mwekundu hadi kwenye kope, anaikokota pikipiki bila kuuliza ni ya nini. Kpossou akaletewa kiti.

"Ndugu zangu," nikaanza, "sayansi ni kitu cha ajabu."

Nikalala chini, nikafungua swichi kwa bisibisi, nikaipangusa kwa kitambaa cheupe nilichokichagua makusudi ili rangi ionekane.

Nikakiinua kitambaa juu.

Kilikuwa cheupe.

Nikapangusa tena. Cheupe. Kipini kinaingia na kutoka, kinang'aa kama jino la mtoto.

"Mwalimu," akasema Tofodji, "hiyo sayansi imeshatoka au bado iko njiani?"

Watu wakaanza kuangua vicheko. Mtu akaiwasha pikipiki, akatia gia. Ikaenda.

"Kijana ametoa mbuzi wa kafara kisirisiri," akasema Alougba. "Gu amemsamehe. Lakini uongo ni uleule."

Wakaanza kutawanyika. Nikamgeukia Fiacre, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Nani ameisafisha?"

"Mimi, Baba. Siku ile ya tatu. Niliona wekundu kwenye springi ya stendi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Wewe ulishasema hakuna."

Nikamwuliza tena, "Sènami anajua?"

"Ndiye aliyenishikia kitambaa. Nilitaka nije kwako, akanikataza. Alisema, tumsubiri. Baba yangu akijua, atasema mwenyewe."

Tumsubiri.

Siku zote zile. Ndiyo, Baba. Sawa, Baba. Maji yako tayari, Baba. Alikuwa ananisubiri, nami nilidhani amekubali.

Jamani, nimewahi kuchekwa nikiwa mtu mzima ninayejifunza kuandika jina langu ubaoni. Haikuuma hivi.

Nilikuwa na njia mbili. Nikae kimya, maana pikipiki inatembea na aibu imebaki kwa Fiacre. Au niseme bila ushahidi, na nani aniamini? Mtu angesema mzee kaonewa huruma na binti yake, anamsafishia mkwe.

Nikapaza sauti. "Rudini. Kpossou, lete kibuyu."

"Cha nini?"

"Nataka kuapa."

Benchi zima la mbele kanisani lilijua mimi siapi kwa Gu.

"Dansou, Gu hachezewi," alisema Kpossou.

"Sichezi. Naapa jambo la kweli tupu." Nikawaongoza hadi kwenye lundo la kwa Kpossou, nikainama, nikagusa chuma kwa ulimi. Kina ladha ya damu. "Sènami ni mwanangu. Nimemzaa mimi na Ayaba. Kama nasema uongo, pikipiki hii inikatae kesho asubuhi."

Tofodji akacheka. "Hilo hata mbuzi anajua. Masikio yale angeyapata wapi?"

Kweli, Sènami ana masikio yangu, makubwa, yamesimama. Ndiyo maana nilichagua kiapo hicho. Hapakuwa na mtu Bohicon nzima wa kukitilia shaka.

Nikachukua kibuyu, nikamwaga vilevile kama siku ile, kutoka usukani hadi stendi, nikahakikisha pale kwenye swichi pamelowa. Nikamkabidhi Kpossou pikipiki ilale kwake, asije mtu akasema nimeichezea.

Asubuhi vumbi lilikuwa limeficha jua. Watu walikuja kwa Kpossou wamejifunga mashuka, wengi kuliko siku ya Fiacre. Ayaba alikuwapo. Sènami alisimama mbali kidogo, na sare yake ya kazini.

Nikapanda. Nikapiga kiki. Ikawaka, ikanguruma.

Nikakunja stendi. Nikakanyaga gia.

Ikazimika.

Nikarudia. Ikazimika.

Tofodji akasema taratibu, kwa heshima kubwa, "Basi, Mwalimu, tumtafute baba yake."

Walicheka mpaka mtu akaanguka kwenye mkokoteni wa mihogo. Uso wangu uliwaka. Nilijua itatokea, niliiandaa mwenyewe, na bado iliniwaka. Mzee wa miaka yangu, amekaa juu ya chuma kilichokufa, mkewe anatazamwa na mashuka yote yale.

Ayaba hakutikisika. "Tofodji, siku hiyo mimi nilikuwapo. Wewe hukuwapo."

Vicheko vikageuka upande wake Tofodji. Nikateremka.

"Nani hapa anaamini Sènami si wangu?" nikauliza. Wakatikisa vichwa. "Basi kama chuma kimesema uongo leo, kilisema nini siku ile?"

Nikalala chini, nikafungua swichi. Safari hii kitambaa kilitoka na tope la rangi ya chungwa, gumu, kama kilichokwanguliwa kwenye chupa ya Ayaba. Kipini kilikuwa kimezama ndani, kimenata. Nikampelekea Kpossou akaguse.

"Haya ni mafuta niliyomwaga mimi," nikasema. "Siku ile ya Fiacre pia niliyamwaga mimi, mengi, kwa kuwadharau. Halafu nikaja nikasema hakuna tatizo. Tatizo lilikuwapo. Sikuliona. Na sikutaka kuliona, kwa sababu sikumtaka yeye."

Nikaosha swichi kwa petroli, nikaifunga. Nikawasha, nikatia gia, nikalizunguka lile lundo la minyororo. Haikumisi hata mara moja.

Kpossou aliyasugua mafuta katikati ya vidole vyake. "Gu hakusema neno," akasema. "Tulimziba mdomo." Tangu siku hiyo anayamwaga kwenye ringi ya gurudumu la mbele, matone tu, na kibuyu anashika mwenyewe.

Nikamwendea Fiacre. Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Fiacre." Jina lake tu. Nadhani alielewa.

Nikakumbuka jambo. "Na yule mwanamke wa Dassa?"

"Dada yangu, Baba. Yule mtoto ni mpwa wangu. Nilikuwa nampeleka kliniki."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Hamkuniuliza. Mliniita niape."

Alougba aliondoka bila kuaga. Dada yake Fiacre alikuja harusini siku ilipofika na mtoto wake mgongoni, na kweli, pua ni ileile ya ukoo.

Sènami alinisogelea wakati watu wanatawanyika. Akanipangusa vumbi begani, akasema, "Maji yako yako tayari, Baba." Akaenda zake kazini. Hajawahi kuligusia tena, na mimi sijapata ujasiri wa kumshukuru.

Wajukuu, wasomaji wangu, nililojifunza ni dogo. Kuna "hakuna" na kuna "sijaona". Mimi nusura niharibu maisha ya mtu katikati ya maneno hayo mawili, kwa sababu la kwanza lilinipendeza mdomoni. Ukiitwa kukagua kitu cha mtu, iwe pikipiki, iwe tabia yake, na usipate kosa wala jibu, sema hujaona. Halafu muulize mwenyewe.

Nami najitahidi. Jana nimepita kijiweni, Tofodji akanyanyuka kunipisha kwenye kivuli, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, vipi, baba wa mtoto ameshapatikana?"

Nikamjibu, "Sijamwona bado."